Picha za angani kutoka Cessna: za Mtumba zimefifia, za Hombolo safi, za Makutupora hazina ukali. Tatizo ni nini?

#1 Zabibu Nyeusi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Naomba wajuzi wa kamera na wa ndege mnisaidie. Hapa Dodoma nimeuliza kila ninayemfahamu na kila mmoja ana jibu lake.

Mwezi wa nane nilipata nafasi kwenye Cessna 182, tukaruka kutoka uwanja wa hapa mjini. Dirisha la kulia linafunguka, kwa hiyo nilipiga bila kioo mbele yangu. Kamera ni ya sensa kubwa, megapikseli 24, lenzi ya milimita 70-200, na muda mwingi nilikuwa kwenye 135. Shata (muda wa kupiga) 1/1250 ya sekunde sikuigusa, tundu la lenzi f/5.6, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) niliiachia kamera yenyewe. Tulikuwa futi 2,000 hivi kutoka ardhini.

Tulianza Mtumba, saa mbili kasoro asubuhi. Hombolo tulifika saa mbili na nusu, tukazunguka sana pale kwa sababu mwenye ndege alikuwa anaangalia mashamba yake. Tulirudi kwa kupitia Makutupora saa tatu na nusu.

Sasa matokeo. Mtumba yote imefifia, weupe wenye ubuluu, kama mtu amemwaga maziwa juu ya picha. Lakini nikivuta karibu, migongo ya mabati naihesabu mmoja mmoja. Hombolo ni safi kabisa: mtumbwi, nyavu, hadi kasia la mvuvi unaliona. Makutupora rangi nzuri, vivuli vyeusi vizuri, ila ukivuta karibu mistari ya mizabibu haijanyooka na nguzo za waya zina kingo mbili mbili. Na si picha zote: moja nzima, inayofuata mbovu.

Kamera ile ile, lenzi ile ile, mkono ule ule. Nini kimetokea?

#2 Kijana wa Kizota

Nimeshika siti ya mbele nasubiri wajuzi. Ila mkuu, uzi wa picha bila picha haunogi. Tupia hata tatu.

#3 Fundi Kamera Nkuhungu

Mleta mada, hapo una magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Mtumba umepoteza tofauti ya mwanga na kivuli, ukali upo. Makutupora ni kinyume chake: mwanga na kivuli vipo, ukali umekwenda. Watu wengi wakiona picha mbaya wanasema tu "haijatulia" na wanakimbilia kununua lenzi nyingine.

Mtumba jibu langu ni jua. Saa mbili kasoro jua bado liko chini, na kutoka mjini kwenda Mtumba unaelekea mashariki. Chembe za vumbi hewani zinatupa mwanga mwingi kwenda mbele kuliko kurudi nyuma. Ukitazama upande wa jua, unatazama vumbi linalowaka. Ukiligeuzia jua mgongo, vumbi lile lile hulioni.

Makutupora nadhani uliegemeza kiwiko kwenye mlango. Mtetemo wa injini unapanda kwenye mkono hadi kwenye lenzi.

#4 Zabibu Nyeusi

Asante fundi. Hilo la magonjwa mawili limenifungua macho.

Lakini Mtumba tulizunguka, nikapiga na kuelekea magharibi pia. Zile za magharibi zina nafuu kidogo tu, bado zimefifia. Kama ni jua peke yake zingekuwa safi. Kuhusu kiwiko, rubani alinionya kabla hatujaondoka, nilishika kamera kifuani, viwiko vimebana mbavuni.

Picha nitapandisha nikipata bando.

#5 Dada wa Ilazo

Mnatafuta mbali. Ni vumbi la ujenzi.

Mimi naishi Ilazo. Meza ya barazani nikiifuta saa kumi na mbili asubuhi, saa nne naandika jina langu juu yake kwa kidole, jekundu. Sasa Mtumba, huko kwenye Mji wa Serikali, malori ya kokoto hayalali. Ongeza barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3, imepasua mapori pande zote za jiji. Mwezi wa nane hakuna tone la mvua na upepo unachapa. Hombolo hakuna malori, ndiyo maana ni safi. Sioni fumbo hapo.

#6 Kapteni Mstaafu

Fundi na dada wa Ilazo wote wana sehemu yao, ila kuna kitu hamjakitaja.

Asubuhi za miezi ya baridi, ardhi inapoa usiku kucha na hewa iliyoigusa inapoa nayo. Juu yake kuna hewa yenye joto zaidi. Hewa baridi ni nzito, haipandi, kwa hiyo moshi wa mkaa, moshi wa tanuru za matofali na hilo vumbi la malori vyote vinakaa vimefungiwa chini. Ukiwa rubani unaliona tabaka hilo kwa macho: mstari umelala, chini kahawia, juu buluu. Jua likishapasha ardhi, tabaka linavunjika, na hewa inachanganyika.

Mleta mada alikuwa juu kidogo ya huo mstari anapiga kwa mshazari. Ukipiga wima unapita unene wa tabaka mara moja. Ukilaza lenzi, unapita mara mbili, tatu ya unene huo. Ndiyo maana hata kuelekea magharibi hakupona.

Swali: hizo futi 2,000 ni kutoka ardhini kweli, au ulisoma saa ya kimo ya ndege, inayohesabu kutoka usawa wa bahari? Uwanja wa Dodoma wenyewe uko futi 3,673 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo saa ilitakiwa isome karibu 5,700.

#7 Zabibu Nyeusi

Ilisoma 5,700 kapteni, nina picha ya dashibodi.

#8 Mzee wa Mibuyu

Vijana, mbukwenyi.

Nimepiga picha Dodoma tangu enzi za filamu nyeusi na nyeupe. Mji huu ulipotangazwa makao makuu mwaka 1973 na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikaundwa, picha za juu zilitafutwa sana, na ukungu huu tulipambana nao. Dawa yetu ilikuwa kichujio cha njano, na siku mbaya zaidi chekundu, maana ukungu mwembamba unatawanya zaidi mwanga wa buluu. Kwa vumbi zito kichujio hakikusaidia kitu, kwa sababu chembe kubwa zinatawanya rangi zote sawasawa.

Kwa hiyo mleta mada fungua faili zako ghafi, tazama rangi nyekundu peke yake. Mtumba ikionekana safi kwenye nyekundu, huo ni ukungu mwembamba na moshi, kapteni ameshinda. Ikiwa bado imefifia, ni vumbi, mpe binti wa Ilazo haki yake.

#9 Kijana wa Kizota

Shikamoo mzee. Hili nalihifadhi.

Nauliza: ule mchujo wa kuzungusha mbele ya lenzi, wa kukata mng'ao wa maji, hausaidii? Na hizo za Makutupora, si kasi ya ndege tu? Ndege inakimbia, picha inaburuzwa.

#10 Fundi Kamera Nkuhungu

Marahaba kwa niaba ya mzee.

Mchujo wa kuzungusha unasaidia kidogo kwenye ukungu, lakini nguvu yake inategemea pembe yako na jua, na ndege ikigeuka pembe inabadilika kila sekunde. Tena unakula mwanga, unalazimika kupunguza shata. Na ukipiga kupitia dirisha la plastiki unapata madoa ya upinde wa mvua picha nzima. Usinunue kwa ajili ya ndege.

#11 Mpimaji wa Zamani

Hiyo ya kasi ya ndege tuihesabu.

Cessna ikipiga picha inakwenda karibu kilomita 165 kwa saa, yaani mita 46 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1250 ndege inasogea sentimita 3.7 tu. Sasa kila pikseli inabeba kiasi gani cha ardhi? Pikseli ya sensa yako ina upana wa maikroni 6 hivi. Lenzi 135, umbali wa mshazari mita 1,000: pikseli moja inabeba sentimita 4.4. Msogeo ni mdogo kuliko pikseli moja. Kasi ya ndege haina hatia hapa. Ingekuwa 1/250, msogeo ungefika sentimita 18, zaidi ya pikseli 4, na hapo ningekubaliana na kijana wa Kizota.

Ila hesabu hiyo ni ya kusogea mbele. Kutikisika kwa lenzi ni jambo jingine. Lenzi ikipinda pembe ndogo sana, ardhi iliyo mita 1,000 inahama sana. Mimi nabaki na mtetemo.

#12 Binti Singida

Mimi yangu yalinitokea nikipiga maziwa yetu, Singidani na Kindai, wakati wa heroe. Picha nyingi zilitoka na kingo mbili mbili hivyo hivyo. Sababu ilikuwa upepo. Ukisogeza ncha ya lenzi nje ya mstari wa dirisha, hata upana wa vidole viwili, upepo wa propela unaishika na kuipiga. Mkononi unahisi mguso mdogo tu, lakini picha inakufa. Na kifuniko cha jua cha lenzi kinaweza kung'olewa na kwenda kupiga mkia wa ndege.

Angalizo kwa wanaopenda ndege wa ziwani: msishuke chini. Kundi la heroe likiruka mbele ya propela mmeumia wote.

#13 Zabibu Nyeusi

Kifuniko nilikivua ardhini dada, mkanda wa kamera shingoni na mwingine mkononi. Lenzi ilibaki ndani, ingawa ndege ilipolala siwezi kuapa kwa kila picha.

#14 Mwarangi

Wote mmeruka jambo moja: joto.

Saa tatu na nusu, mwezi wa nane, udongo wa Makutupora uko wazi kati ya mistari ya mizabibu. Udongo umeshapata jua masaa mawili na zaidi. Hewa ya moto inapanda vipande vipande na kila kipande kinapinda mwanga kwa namna yake. Mleta mada mwenyewe amesema mistari "haijanyooka". Mtetemo haupindi mstari! Mtetemo unaburuza picha nzima upande mmoja. Joto linapinda hapa kulia, pale kushoto. Na Hombolo alipiga maji, maji hayapati moto haraka, ndiyo maana pale ni safi. Mbona liko wazi?

Kipimo ni rahisi. Kwenye picha moja mbovu, tazama nguzo za pembe zote nne. Kingo zikijirudia upande ule ule kote, ni mkono, upepo au injini. Zikitofautiana, ni joto.

#15 Kapteni Mstaafu

Mwarangi, kipimo chako ni kizuri, jibu lako silikubali moja kwa moja.

Hewa ya moto inaharibu picha zaidi ikiwa karibu na lenzi. Mtu aliyesimama barabarani akapiga lori lililo kilomita moja, hewa yote katikati inacheza, ikiwemo iliyo puani mwake. Wewe uko futi 2,000 juu, hewa inayocheza sana ni ile ya mita chache juu ya udongo, mbali na lenzi. Madhara yake kutoka juu ni madogo.

Lakini kuna hewa moto nyingine. Bomba la moshi la injini linatokea chini ya pua ya ndege. Ukielekeza lenzi mbele na chini, unapiga kupitia mkondo wa moshi huo, tena uko karibu kabisa na lenzi. Unapinda mistari vizuri sana. Ukipiga ubavuni au nyuma kidogo ya bawa, unaukwepa. Mleta mada, mbovu zinaelekea mbele?

#16 Dada wa Ilazo

Jamani, hapa pamekuwa bungeni, bado kengele tu!

Nami niulize la kijinga: kwa nini msitumie droni? Haina moshi, haina mlango wa kuegemea, na mtu yuko chini na chai yake.

#17 Mpimaji wa Zamani

Si la kijinga hata kidogo. Kwa eneo dogo, droni imeshinda. Zanzibar mwaka 2016 walianza kupima visiwa kwa droni, kazi ikafanyika vizuri. Kwa kiwanja, shamba moja, paa la ghorofa, usikodi ndege.

Ila droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi, na kimo chake cha kawaida hakizidi mita 120. Kwa mita 120 kila picha inafunika eneo dogo, betri inaisha, unarudi, unabadilisha. Na uwanja wa ndege wa Dodoma uko katikati ya mji. Mpaka shughuli zote zihamie uwanja mpya wa Msalato, sehemu kubwa ya mji ni ya kuomba ruhusa kwanza.

Ndege kwa kupimia inakwenda kwa mistari iliyonyooka, kamera imetazama chini wima. Kila picha inapanda juu ya iliyotangulia kwa asilimia 60, na mstari unapanda juu ya mstari wa jirani kwa asilimia 30 hivi, ili kila nukta ya ardhi ionekane kutoka pande mbili na uweze kupata urefu wa mlima. Kamera za zamani za kupimia zilikuwa na lenzi ya milimita 152. Ukiruka mita 1,520 kutoka ardhini unapata picha ya kipimo cha 1:10,000. Zile ramani zetu za 1:50,000, mfululizo wa Y742, zilitoka kwenye picha za namna hiyo.

#18 Kijana wa Kizota

Kumbe. Nilidhani picha za ndege Tanzania zilianzishwa na yule Mjerumani wa Serengeti mwenye ndege ya milia ya pundamilia.

#19 Mzee wa Mibuyu

Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege mwaka 1958, na Michael akafa kwenye ajali ya ndege hiyo Januari 1959 baada ya kugongana na tai. Lakini hawakuwa wa kwanza. Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kilimanjaro Januari 1930 na kuipiga picha. Na kabla yake, mwaka 1915, ndege za Waingereza zilikuwa juu ya delta ya Rufiji zikielekeza mizinga kwenye meli ya Kijerumani, Königsberg.

#20 Binti Singida

Kuhesabu kwa ndege kunaendelea mpaka leo. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wanahesabu wanyama wa Ruaha na Rungwa, huku upande wetu wa Manyoni. Wanaruka futi 300 hadi 400 tu kutoka ardhini. Kwenye nguzo ya bawa wanafunga fito mbili, mhesabuji anahesabu wanyama wanaopita kati ya fito. Kundi likiwa kubwa, anapiga picha, linahesabiwa baadaye mezani. Hapo picha isiyo na ukali ina hasara: nyati wawili waliobanana wanakuwa mmoja.

#21 Mwarangi

Na kwetu Kondoa picha hizo zilisaidia kuokoa ardhi. Makorongo yalikuwa yamekula nchi. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa Kondoa Irangi. Watafiti walilinganisha picha za angani za miaka tofauti wakaona korongo lilivyopanuka na, baadaye, majani yalivyorudi. Ukiwa chini ndani ya korongo huoni chochote zaidi ya kuta mbili nyekundu. Wazee wengi wa kwetu hawakuupenda uamuzi wa mifugo, na walikuwa na haki ya kulalamika, lakini picha zile hazibishaniwi.

Kapteni, sijashindwa lakini. Moshi wa injini upo Hombolo pia. Mbona Hombolo safi?

#22 Zabibu Nyeusi

Nimerudi wakuu. Nimekaa na picha zile jana usiku.

Kipimo cha mzee: rangi nyekundu peke yake, Mtumba inapata nafuu kubwa kwa mbali, majengo ya mbali yanatokea. Lakini karibu na barabara mpya bado kuna utando.

Kipimo cha Mwarangi: picha mbovu za Makutupora ziko za aina mbili. Kuna ambazo nguzo zote zinajirudia upande mmoja, juu na chini. Na kuna ambazo pembe ya chini kushoto imepinda vibaya na pembe ya juu kulia ni nzima. Hizo za pili, kapteni, nyingi nilielekeza mbele. Si zote.

#23 Fundi Kamera Nkuhungu

Basi kule kujirudia juu na chini ni kitulizo cha lenzi! Uliwasha kile cha kuzuia mtikisiko? Lenzi nyingi, hasa za zamani, kitulizo kinachanganywa na mtetemo wa injini: kinasahihisha mtikisiko ambao umeshapita. Kwa 1/1250 hukihitaji. Zima.

#24 Binti Singida

Fundi, hapo sikubaliani nawe. Mimi nakiwasha kila mara, kwa ile hali ya pili ya kufuata kitu kinachokimbia, na picha zinatoka. Nikizima ndipo naharibikiwa. Upepo, nakuambia.

#25 Mpimaji wa Zamani

Saa tatu na nusu hewa imeanza kupanda na ndege inarushwa. Hombolo asubuhi ilikuwa imetulia. Mtu akirushwa kwenye kiti, kamera inapigwa juu na chini, hata kama viwiko vimebanwa. Kitulizo, upepo, sijui nini, vyote vinaanzia hapo.

#26 Kapteni Mstaafu

Kurushwa kwa ndege ni polepole, mpimaji, si kwa sekunde ya elfu moja. Kungeharibu upangaji wa picha, si ukali wake.

Ila kwa kuwa mmefika kwenye hewa ya saa tatu, niseme ninalolijali kuliko picha. Vijana wanakodi ndege, wanamwambia rubani "zunguka hapo, shuka, laza zaidi, naona bawa". Rubani naye anataka kufurahisha, anageuza shingo kutazama shamba. Hapo ndipo watu wanapokufa.

Ndege ikilala nyuzi 45 huku ikishikilia kimo, bawa linabeba mara 1.4 ya uzito wa kawaida, na kasi ya chini kabisa ya kubaki hewani inapanda kwa asilimia 19. Ikilala nyuzi 60, uzito ni mara 2 na kasi hiyo inapanda kwa asilimia 41. Wakati huo huo mmepunguza mwendo ili mpige picha. Kasi hizo mbili zikikutana mko futi 500, hakuna nafasi ya kuiokoa ndege. Na Dodoma si Dar es Salaam. Joto likifika nyuzi 30 pale uwanjani, hewa ni nyepesi kiasi kwamba ndege inafanya kazi kana kwamba uwanja uko futi 6,300. Injini inavuta kidogo, bawa linanyanyua kidogo.

Juu ya mji, kanuni ni futi 1,000 juu ya kilicho kirefu kuliko vyote hapo jirani, na nje ya mji si chini ya futi 500. Mkubaliane ardhini nini kinapigwa na kutoka upande gani. Rubani aendeshe, asitazame picha. Mpiga picha akitaka pembe nyingine, ndege inyooke kwanza, izunguke upya, hata kama ni mafuta zaidi. Nguzo ya bawa ikiingia kwenye picha, iache iingie.

#27 Zabibu Nyeusi

Nimekuelewa kapteni. Rubani wetu alifanya hivyo hivyo, kila nikitaka kurudia alinyoosha kwanza. Nilidhani anapoteza muda, kumbe.

#28 Dada wa Ilazo

Hapo kapteni umesema. Nina mdogo wangu anasomea urubani, namtumia ujumbe huu mzima.

Ila mleta mada, Makutupora si kuna kambi ya JKT? Usije ukapandisha hapa picha ukatuletea matatizo.

#29 Zabibu Nyeusi

Tulipita upande wa mashamba dada, kambi haimo. Na Ikulu ya Chamwino hatukuisogelea kabisa.

#30 Mwarangi

Kapteni hajajibu la Hombolo. Moshi ulikuwepo, picha safi. Kilichobadilika ni ardhi chini yake: maji na udongo. Na hizo pembe zilizopinda ambazo hazikuelekea mbele, zimetokana na nini?

#31 Kapteni Mstaafu

Hombolo alikuwa anazunguka, anapiga ubavuni. Makutupora alikuwa anarudi kwa mstari, akavizia vitu mbele. Pembe ya lenzi ndiyo iliyobadilika. Hizo chache zisizoelekea mbele nakuachia.

#32 Fundi Kamera Nkuhungu

Nami naachiwa zile za juu na chini.

#33 Binti Singida

Za upepo, fundi.

#34 Mzee wa Mibuyu

Mleta mada, kwa picha zote hizo, mbovu na nzima, andika leo kwenye kila faili: tarehe, saa, kimo, ndege ilikuwa inaelekea wapi, lenzi imeelekea wapi. Nina makasha ya picha za juu za mji huu ambazo sasa sijui ni mwaka gani wala ni mtaa gani, Chang'ombe na Kikuyu vimebadilika hata mimi vinanipotea. Mtumba ya mwaka huu, pamoja na ukungu wake, baada ya miaka kumi itatafutwa.

#35 Kijana wa Kizota

Mzee, hizo za makasha usizitupe. Na kama mtu anataka picha za zamani za kijiji chake, anaanzia wapi? Nina babu ana kesi ya mpaka wa shamba kule Bahi.

#36 Mpimaji wa Zamani

Anzia Idara ya Upimaji na Ramani, Wizara ya Ardhi. Usiende mikono mitupu ukasema "nataka picha ya Bahi". Tafuta kwanza namba ya karatasi ya ramani ya 1:50,000 inayofunika kijiji, na miaka unayoitaka. Picha itaonyesha kijito, njia, mbuyu, tembe za zamani na shamba lilipokuwa linalimwa. Mpaka wenyewe wa nani na nani haitakuambia, hilo litataka mashahidi na mpimaji shambani. Kama babu anaukumbuka mbuyu fulani ulikuwa pembeni mwa shamba, mwambie aseme mapema ni upi, kabla picha haijafika.